Maji Chini ya Kiti cha Gisèle

Kila kitu kiliharibika siku ya pili ya juma, tarehe kumi na ine mwezi wa tano, saa ine ya asubuhi, mbele ya chef wa biro ya boti na mbele ya wamama wote wanaouza ndagala, wale samaki wadogo. Boti yangu ilikuwa mu maji, moteri ilikuwa imewaka, na chef alikuwa ameshatoa kalamu ili anipe karatasi ya kutoka. Kisha miguu yangu ikasikia baridi. Nikaangalia chini. Maji yalikuwa yamefika ku kifundo cha muguu, maji safi kabisa, yakizungusha maranda ya mbao polepole, kama vile yaliishi mule tangu zamani na sisi njo tulikuwa wageni.

Chef akarudisha kalamu mu mufuko.

"Papa Toussaint, hii ni boti ao ni beseni?"

Wamama wakacheka. Mmoja akasema, "Chef, muachie tu, anataka kufuga samaki ndani!" Mimi sikucheka. Saa ile ile simu yangu ikalia. Alikuwa Félicien, mudogo wa marehemu muke wangu, anapiga kutoka Mpala, kijiji chao ku pwani ya kusini.

"Shemeji, maji yameingia ku makaburi. Safu ya kwanza imekwenda chini ya maji. Dada iko ku safu ya tano. Fanya mbio."

Nieleze vizuri, maana muntu anaweza kufikiri nilikuwa nafanya muchezo wa matajiri. Gisèle alikuwa muke wangu miaka makumi mbili na mbili. Mwaka uliopita, mwezi wa saba, alienda ku Mpala kuona mama yake, homa ikamukamata kule. Mimi nilikuwa Kalemie, boti tayari, tanga tayari, na nikangojea karatasi ya kutoka siku tatu, kwa sababu mwenye muhuri alikuwa ku semineri. Aliporudi na muhuri wake, Gisèle alikuwa ameshazikwa. Nikavuta boti ku inchi kavu, nikaigeuzia mugongo miezi kumi.

Kisha ziwa likapanda. Sina haja ya kusimulia, kila muntu wa Kalemie alibeba godoro lake ku kichwa. Wakubwa walikuja na magari, wakasimama ku mudomo wa muto Lukuga, pale maji ya ziwa yanatoka kwenda inje, wakasema matope na majani yameuziba, watafanya kitu. Wakapiga picha, wakarudi ku hoteli. Maji hayakuwafuata ku hoteli. Yalikuja kwetu, na ku Mpala yakaanza kupanda pwani, safu kwa safu, kuelekea muke wangu.

Sasa, familia ya Gisèle iko na desturi yao: hawagusi kaburi ya mwanamuke aliyeolewa kama bwana yake haiko. Bwana njo anatia mukono wa kwanza mu udongo, hata kama ni mara moja tu, kisha wao wanachimba. Félicien aliniambia wazi: "Sisi tunaweza kumuangalia akienda na maji. Kumugusa, hapana." Na hakuna mwenye boti wala pirogi anayekubali kubeba mifupa, wanasema nyavu zitatoka tupu mwaka muzima. Kwa hiyo ilibaki mimi na chombo changu. Nilitaka kumuleta Kalemie, juu ku mulima, pahali maji hayatafika hata wakubwa wakilala miaka mia.

Lakini wakubwa walikuwa wametoa sheria mupya. Boti moja ilizama, basi wakaamua: hakuna chombo kinatoka bila moteri. Na changu ni cha tanga tangu kuzaliwa kwake. Ni cha mbao, metre saba, wazungu wa zamani walikitumia kwa kujipepea siku ya Mungu, wakakiacha mu nyasi, baba yangu akakitosha mule. Miaka yote nilibeba nacho mihogo na maharagi, mimi ku tanga, Gisèle nyuma kabisa ku kakiti kadogo, na bidon yake iliyokatwa, anatosha maji, anayamwaga inje. Sasa walinilazimisha nikitoboe tundu nyuma, ili chuma cha elisi, lile panga la kusukuma boti, kipite. Chombo kizima, kukitoboa! Ni kama daktari anakuambia: Papa, uko muzima, lakini sheria inasema lazima tukupasue.

Aliyetoboa ni Souleymane, fundi wa mashini za kusaga mihogo, muntu wa vichekesho na wa sala tano. Alileta moteri ya mashini, ya silinda moja. Kwanza akatengeneza kitanda chake: mihimili miwili ya mbao ngumu, kavu kabisa, aliyoigonga kwa nyundo kati ya mbavu za boti mpaka ikashika bila kutikisika. Kisha akalala chali siku mbili akipima. Moteri na chuma cha elisi vinapaswa kutazamana uso kwa uso, sawasawa. Alikuwa anapitisha karatasi ya sigara pale vinapokutana, juu, chini, kushoto, kuume, mpaka karatasi ikakwama sawasawa pande zote. Mwisho akafunga presetupu, yaani kile kikombe cha chuma kinachoshika kamba yenye grisi, ili chuma kizunguke na maji yabaki inje.

Basi, siku ile ya aibu, tulipovuta boti ku muchanga, nilimwambia, "Tundu lao hilo. Tundu la serkali. Ona linavyonywa maji."

Souleymane akatia kidole ku presetupu. "Hapana, Papa. Hii inatoa tone, tone, tone, njo inavyotakiwa. Bila tone itaungua. Kile nilichoona mule kilikuwa muto. Haukupita huku."

"Umepita huku kwa sababu walitoboa huku."

"Papa Toussaint, wewe hata mvua ikinyesha utasema imesainiwa ku biro."

Nilijua dawa. Kila mutoto wa ziwa anaijua. Chombo cha mbao kikikaa ku jua miezi kumi, mbao zinakauka, zinaachana. Unakizamisha. Unajaza mawe, unakiacha pembeni mu maji ya kifua, mbao zinakunywa, zinavimba, zinashikana tena sawa vile ndugu waliokosana wanavyokutana ku kilio. Souleymane alikubali, lakini akasema, "Tutoshe kwanza moteri, na kitanda chake pia."

Moteri tuliitosha. Kitanda, niliona bolti zake ni ngumu, siku zinakwenda, nikasema kibaki. Ni mbao, kitavimba pia, kuna ubaya gani?

Siku ine nilikaa ku jiwe kuangalia boti yangu iliyozama. Sijui kama mumekwisha kuona kitu cha namna ile. Maji ya ziwa letu ni kama kioo kisichokuwa na mwisho. Niliiona yote, mpaka misumari. Muti wa tanga ulikuwa umesimama inje ya maji, na kivuli chake kilikuwa kinatembea juu ya boti taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, kama mukono wa saa. Samaki wadogo waliingia. Walikuwa wanapita chini ya kakiti ka Gisèle, wanageuka wote pamoja, wanawaka, wanazimika. Jua la saa sita lilinifunga macho nusu, na mu ile nusu nilimuona amekaa pale pale chini ya maji, bidon ku magoti, nywele zimesukwa, akiangalia kule boti inakoenda. Hakuwa na haraka. Nilimuuliza unaona nini, akatikisa kichwa kama muntu anayesikiliza redio ya jirani.

Simu ikaniamusha. "Safu ya pili, shemeji. Mwezi wa tano maji yanapaswa kurudi nyuma, lakini mwaka huu hayarudi, na upepo wa kiangazi umeanza kuyasukuma juu yetu."

Tukainua boti siku ya tano. Ilivuja zaidi. Upande wa kushoto, kati ya mbao mbili, ungeweza kupitisha kisu.

 Souleymane alipanda ndani, akapiga kitanda cha moteri na nyundo. Kilitoa sauti fupi, nzito. Kilikuwa kimevimba. Mbao ile kavu, iliyogongwa kwa nguvu kati ya mbavu mbili, ilikunywa maji siku ine na kunenepa, na kwa sababu haikuwa na pahali pa kwenda, ilisukuma mbavu, na mbavu zikafungua mbao za inje. Mbao zingine zote zilikuwa zimeshikana vizuri sana. Niliipasua boti yangu mwenyewe, bila haraka, huku nikiota ndoto juu ya jiwe.

"Sema," nikamwambia. "Sema tu."

"Niseme nini? Hii pia ni ya biro?"

"Kama hawakulazimisha moteri, kitanda kingetoka wapi?"

"Aa, kumbe!" Akaanza kutafuta musumeno. "Nilisahau kwamba njo wao walikataa kufungua bolti."

Tulikata ncha za mihimili, kidole kimoja kila upande, tukafunga mbavu na kamba, tukakaza na kijiti siku baada ya siku mpaka mbao zikarudi. Mu ile nafasi tukatia pamba na mawese, kama wazee wetu wote. Ilikula siku nane. Safu ya tatu ikaenda. Félicien hakupiga tena simu, alinitumia tu picha: maji yamelala kati ya misalaba, yametulia, mazuri kabisa. Hilo njo liliniumiza, ule uzuri.

Tukasukuma boti mu maji bila moteri. Mbavuni, kavu. Ku presetupu, tone, tone. Lakini mu tumbo la boti maji yalipanda tena, si kwa kasi ya kwanza, lakini yalipanda. Na mu ziwa letu huwezi hata kuyaonja ili ujue yanatoka wapi. Ya mvua, ya inje, ya kupoza moteri, yote ni matamu namna moja.

Souleymane akasema, "Leta unga wa muhogo."

"Sasa unataka kupika?"

"Leta, Papa."

Tulivuta boti inje, tukakausha tumbo lake na vitambaa, kisha na jua. Akanyunyiza unga kila pahali, mwembamba, kama anayepanda mbegu. Boti yote ikawa nyeupe ndani. Nilipoingia nilitembea juu ya vidole, kama nimeingia mu nyumba ya muntu mwingine asubuhi, wakati wenyewe hawajaamuka. Harufu ilikuwa ya kinu chetu. Tukairudisha mu maji polepole, tukalala matumbo yetu juu ya viti na kungojea. Mawimbi madogo yalikuwa yanagonga mbao kwa inje, tap, tap, na nikasikia kama vile watu wanaongea ku chumba cha pili, sauti bila maneno. Weupe ukabaki weupe. Ku mbele, kimya. Ku presetupu, kaduara kadogo. Na kisha nyuma, kutoka chini ya kakiti, ukatoka musitari mweusi, mwembamba kama nywele. Ukaja mbele, ukazunguka ubavu mmoja, ukaendelea.

"Pale," Souleymane akasema polepole. "Nani alikuwa anakaa pale?"

Alijua vizuri nani alikuwa anakaa pale.

Pembe ile ni ndogo sana. Mukono wangu haukuingia, wake haukuingia. Tulikata kakiti na musumeno, nilikata mimi. Chini yake, pale mbao za pande mbili zinakutana ku nyuma, palikuwa nafasi mbaya, ya zamani, inayoingiza vidole viwili, na ilikuwa imejazwa vitambaa. Pamba, mawese yaliyokuwa meusi, na vitambaa vya vikwembe, nguo zake za kufunga kiunoni, vimekunjwa vidogo vidogo na kugongwa ndani, kimoja juu ya kingine. Kile cha juu kilikuwa kimeoza. Tundu lilipotobolewa karibu yake, mutikisiko ulikiangusha.

Souleymane akasema nisitoshe vyote. Nilitosha vyote.

Cha kwanza kilikuwa cha kikwembe cha nane ya mwezi wa tatu, sikukuu ya wanamuke, alichoshonesha na wamama wa parokia. Chini yake, kile cha ubatizo wa mutoto wetu wa mwisho. Chini yake, maua ya njano ambayo nilifikiri aliyauza. Nilikuwa natosha miaka. Kila mwaka ao miwili, mukono wake mudogo uliingia pale na kitambaa kipya. Cha mwisho kabisa, kigumu kama muti, kilikuwa cha bluu, cha ndoa yetu.

Miaka makumi mbili na mbili alikalia tundu. Alikuwa anatosha maji na bidon, anatazama mbele, na mimi ku tanga nilikuwa najisifu ku pwani yote kwamba boti yangu haijui kuvuja.

"Alinificha," nikasema. "Kwa nini hakuniambia?"

Souleymane alikuwa anapangusa mikono. "Pengine alikuambia."

Hapo ilinirudia. Safari yetu ya kwanza, mbele ya Mpala, boti imejaa maharagi, alisema, "Toussaint, huku nyuma kuna maji." Na mimi, na watu walikuwa wanasikia, nilijibu: "Captain wa boti hii ni mimi. Anayeogopa maji abaki nyumbani na kinu." Hakusema tena. Siku ile ile, nafikiri, alipasua kikwembe.

Nilimueleza Souleymane. Hakucheka, hata yeye.

"Basi, Papa," akasema. "Mu boti hii serkali ilikuwa wewe."

Niliona haya, nikatoka, nikatembea mpaka ku Lukuga na kurudi. Niliporudi alikuwa anachoma nyuzi za nguo na kiberiti, moja moja. Alikuwa anatafuta kitambaa cha pamba tupu. Nailoni hainywi mawese, na ku moto inayeyuka badala ya kuungua. Mashati yangu yote ni ya nailoni. Ila moja, jeupe, la kanisa. Uzi wake uliungua vizuri, ukaacha majivu. Nikalipasua, tukaligonga mu ile nafasi na mawese, tukarudisha moteri.

Chef alirudi tarehe moja mwezi wa sita. Alivua kiatu, akatia muguu mu tumbo la boti, akauangalia. Ulikuwa mukavu. Moteri ikawaka ku mara ya kwanza. Akasaini, akagonga muhuri, akaniambia, "Unaona sasa, Papa Toussaint? Sheria ni kwa faida yenu." Kama Souleymane hakunishika shati, ningelala ku kashoo ya polisi.

Tuliondoka, mimi na Souleymane, siku ya kwanza ya kazi, tarehe tatu, jua likitoka. Majembe mawili, sanduku fupi la mbao, mawese, na bidon. Safu ya ine ilikuwa imekwenda siku ya Mungu.

Saa mbili nzima moteri ilitubeba vizuri. Kisha presetupu ikaanza kunuka, tone likakauka, Souleymane akagusa na kuvuta mukono. "Imekazwa mno. Inaungua. Nikilegeza hapa katikati ya ziwa, sijui nitafunga namna gani."

"Zima."

"Na sheria?"

"Zima, nakuambia."

Akazima. Mungu wangu, ule kimya. Upepo wa mulimani ulikuwa unashuka bado, nikainua tanga, likafanya kakelele kale kake ka kukunjua, na boti ikainama kidogo, ikajikumbuka. Milima ya Marungu ilikuwa kichwa chini mu maji, na sisi tulipita juu ya vilele vyake bila kuvigusa. Souleymane alisinzia mbele. Nyuma, pale nilipokata kakiti, palikuwa wazi, na mara kwa mara nilisikia bidon ikikwangua mbao, taratibu, mukwaruzo, kisha maji kumwagika inje. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitaona bidon imelala peke yake. Nilisema tu, bila sauti kubwa, "Huku mbele nimekusikia," na boti ikaenda.

Tulifika Mpala baada ya saa tisa ya muchana. Sikuona pwani ya makaburi. Niliona misalaba imesimama mu maji, kisha vichwa tu vya misalaba, kisha hakuna, na Félicien amesimama mule mpaka kiunoni, suruali imekunjwa bure, anapunga mukono.

"Safu ya tano?" nikapiga kelele.

"Uko juu ya safu ya tatu sasa! Shusha tanga!"

Nikashusha. Boti iliendelea yenyewe, ikiteleza juu ya watu. Niliangalia chini. Maji yalikuwa safi vile vile, jua lilikuwa linaingia mpaka ku muchanga, na niliona masementi ya makaburi, moja, ingine, ingine, yamepangwa vizuri, na vivuli vya mawimbi vinapita juu yake kama muntu anayefunika watoto. Samaki wadogo walikuwa wanageuka wote pamoja. Félicien akashika kamba, akavuta, akasimama.

"Iko hapa. Upepo wa usiku njo umeleta maji yote haya juu yake, hayajachimba kitu bado. Tia mukono, shemeji, na sisi tunaanza."

Nilipiga magoti nyuma, pale pembe ilipo wazi, nikajinyoosha inje ya boti. Bega langu liliingia mu maji, shavu langu pia. Vidole vyangu viligusa muchanga. Haukuwa baridi. Ulikuwa laini, umetulia, hakuna kitu kilichovurugika, na juu ya sementi yake kasamaki kamoja kalikuwa kamesimama, hakakimbii. Kule Kalemie, ku mulima, ni mawe makavu na vumbi la magari ya wakubwa. Nikabaki hivyo, mukono wangu juu ya udongo wake, bila kuukamata. Chini ya goti langu boti ilikuwa imeanza kulowa, kidogo tu.

Ndugu zake walikuwa wameshaingia mu maji na majembe, wamesimama, wananiangalia. Félicien akainama karibu ya sikio langu.

"Shemeji, wewe njo bwana yake. Tunamutosha mu maji, ao tunamuacha hapa?"